Shamba la Chini ya Ngong na Watu Wake

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kutia habari za shamba moja la kale, kwa kuwa chama cha kutazama hali za watu hakina budi kujua watu hao walikaa wapi zamani, na kwa masharti gani.

Shamba hilo lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, lenye eka zipatazo 6,000. Msimamizi wake alikuwa bibi wa Kidenmark, Karen Blixen, aliyefika nchini mwaka 1914, akaliongoza bila mumewe tangu 1921. Eka 600 hivi zilipandwa kahawa. Lakini mahali palikuwa juu mno, kupita futi 6,000, na mavuno hayakutosha. Mwaka 1923 kiwanda kikaungua, madeni yakazidi, na mwaka 1931 shamba likauzwa.

Sifa za bibi huyo zimeenea ulimwenguni kwa kitabu alichokitoa mwaka 1937. Sisi twapenda kuwakumbuka na wale waliolima, Wakikuyu walioitwa maskwota. Sheria ya 1915 iliwapa walowezi ardhi kwa miaka 999. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kila mwaka, ndipo aruhusiwe kulima na kulisha mifugo yake. Hukumu ya 1921 ikasema Mwafrika ni mpangaji tu wa Serikali, awezaye kuondolewa wakati wo wote.

Basi shamba lilipouzwa, maskwota wakaamriwa kuhama. Ombi lao kubwa lilikuwa wasitawanywe, bali wakae pamoja kama walivyozoea. Bibi Blixen akawaombea kwa maofisa, hata kwa Gavana, nao wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Tendo hilo twalisifu. Lakini haki ipatikanayo kwa huruma ya mtu mmoja si haki kamili, maana pasipo mwombezi hupotea.

Ardhi ile ilikatwa viwanja, na leo ni mtaa wa Karen. Nyumba ya bibi ilitolewa na Denmark kwa Serikali ya Kenya mwaka 1964, na tangu 1986 ni makumbusho. Twawasihi wanachama wakaitazame pamoja na watoto wao, na wakiisha kuona vyumba, wawaeleze pia habari za wale waliopalilia kahawa, ambao nyumba zao hazikubaki.