Saa Kongwe na Kosa Lake



Wako watu, Uingereza na Marekani khasa, ambao mapenzi yao ni kununua vyombo vya kupimia wakati vilivyokwishatumika: saa za merikebu, saa za maabara, na siku hizi hata saa za atomu zilizoondolewa katika minara ya simu. Wengi wao hawavitaki kwa chumo. Huvinunua ili wavitengeneze, wavipime na wajue vinakwendaje. Mwenye kuwatazama kwa mbali huenda akasema ni watu wa upuuzi. Lakini historia ya vyombo hivi ina funzo, nalo ni hili: hapana saa isiyokosa, saa ya kuaminiwa ni ile ambayo kosa lake linajulikana.

Kwetu Waislamu kupima wakati si jambo geni. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na muwaqqit, mwanachuoni wa falaki ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua nyakati za Sala. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, aliufanyia Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus saa kubwa ya jua mwaka 1371. Na manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa wakiipima nyota ya Jaa kwa kamali, yaani kibao chenye uzi wa mafundo, wakajua wamefika wapi kaskazini au kusini.

Ama kujua umefika wapi mashariki au magharibi, hapo nyota peke yake haitoshi, inatakiwa saa. Ardhi huzunguka digrii 15 kwa kila saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Karibu na Ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Basi nahodha ambaye saa yake imekosa dakika 4 huenda akajiona yuko bahari kuu, kumbe yuko juu ya miamba.

Kwa ajili hiyo Bunge la Uingereza mwaka 1714 liliahidi zawadi ya pauni 20,000. Aliyelitatua jambo hilo hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alikuwa seremala, John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693. Saa yake ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilipelekwa Jamaica mwaka 1761, na hesabu ilipofanywa ikaonekana imekosa kiasi cha sekunde 5 tu. Hata hivyo waamuzi hawakuridhika. Katika hesabu hiyo palikuwa na kiasi ambacho saa huchelewa kila siku, na kiasi hicho hakikuwa kimekubaliwa mbele yao kabla ya safari. Ikabidi ijaribiwe tena mwaka 1764 mpaka Barbados, na safari hii mwendo wake ukatajwa mapema. Kwa siku 47 ikakosa sekunde 39. Juu ya hayo mzee alicheleweshewa haki yake mpaka mwaka 1773, naye ana umri wa miaka 80.

Tangu hapo ikawa kanuni ya baharini. Saa ya merikebu, iitwayo kronomita, hairekebishwi kila inapokosa. Hutiwa ufunguo kila siku kwa wakati mmoja, na katika daftari huandikwa imetangulia au imechelewa kiasi gani. Saa inayochelewa sekunde 3 kila siku, bila ya kubadilika, ni saa njema. Mbaya ni ile ambayo leo inatangulia 1 na kesho inachelewa 2. Merikebu ya Beagle ilipoondoka Uingereza mwaka 1831 ilichukua kronomita 22, kwani hapana moja iliyoaminiwa peke yake.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, kiwanda cha Hamilton katika mji wa Lancaster, Marekani, kilitengeneza kronomita kwa maelfu. Baadaye zikaja saa za kwatzi, ishara za redio na setilaiti, na kronomita nyingi zikaishia mnadani. Huko ndiko wanakozipata wapenzi wake.

Mnunuzi mwenye akili hutazama kwanza nambari: ya usoni pa saa na ya sandukuni ziwe moja, maana wako wauzao saa ya sanduku hili ndani ya sanduku la saa nyingine. Tena haisafirishi ikiwa inakwenda. Gurudumu lake la kuyumba huzuiliwa kwa vipande vya kizibo lisivunjike. Na saa nyingi za kijeshi za zamani zilipakwa radiamu ili akrabu zing'are usiku. Mng'aro hufa baada ya miaka, lakini madhara hayafi: radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu yake, na vumbi lake ni hatari kwa mwenye kuifungua saa. Mtume (S.A.W.) alikataza kuificha ila ya bidhaa. Na hapa anayeificha huenda akamuuzia mwenziwe maradhi.

Saa ikishafika nyumbani, haisadikiwi. Huwekwa mahali pamoja, ikalinganishwa kila siku na wakati wa setilaiti, na tofauti ikaandikwa. Baada ya wiki kadha ndipo mwenyewe hujua amenunua nini.

Mmarekani mmoja mpenzi wa mambo haya, Tom Van Baak, mwaka 2005 alipakia saa tatu za atomu za siziamu katika gari, akapanda na watoto wake Mlima Rainier, wakakaa huko siku mbili. Einstein alikuwa ameonyesha kwamba saa iliyo juu hukimbia kidogo kuliko iliyo chini. Hesabu ilisema watapata ziada ya nanosekunde 22, na nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu. Waliporudi, vipimo viliafikiana na hesabu. Lakini asingeweza kuuona udogo huo lau si kwamba aliujua mwendo wa kila saa kabla ya kuondoka, na aliacha nyumbani saa nyingine za kulinganishia.

Basi tuzingatie. Saa haijipimi yenyewe. Anayetazama saa yake tu huiona sawa siku zote, hata ikiwa imempitisha wakati. Na mtu naye ni hivyo hivyo. Anayejihesabu kila usiku, akajua amepungua wapi, huweza kujirudi. Asiyejihesabu hudhani hana kosa, kumbe kosa lake linaongezeka kila uchao, kidogo kidogo, mpaka chombo kinagonga mwamba.

Wabillahi taufiq.