Ndugu Walipoachana Njia

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, hakifichi kwamba Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Marko hata wakatengana. Nasi tumeyaona hayo katika kwaya zetu. Mmoja anasema Mungu amemwita kwingine, na wanaobaki wanajiuliza kama wao wameachwa pia na Mungu.

Habari hiyo nimeikumbuka nilipofuatilia historia ya albamu moja ya roki kutoka Marekani.

Mwaka 1992, ndugu wawili wa damu, Neal na Alan Morse, walianzisha bendi ya Spock's Beard jijini Los Angeles. Walipiga progresivu roki, yaani roki yenye nyimbo ndefu zinazobadilika mwendo mara kwa mara. Neal alikuwa mwimbaji na mtunzi mkuu, Alan alipiga gitaa.

Mwaka 2002 walitoa albamu yao ya sita, Snow, CD mbili zenye hadithi moja. Inamhusu kijana mwenye ualbino, aliyezoea kudharauliwa, ambaye ana karama ya kuona yaliyo ndani ya mioyo ya watu. Anakwenda New York, anawasaidia walioanguka, sifa zinamjaa kichwani, naye anaanguka. Wanaomwinua ni marafiki, si karama yake.

Albamu ilipotoka tu, Neal aliiaga bendi. Alikuwa amemwamini Kristo, na alieleza kwamba Mungu anamwita kwenye kazi nyingine. Fikiri ilivyokuwa kwa Alan: kazi kubwa kuliko zote imekamilika, na ndugu yake anaondoka kabla haijapigwa jukwaani yote.

Mwaka 2003 Neal alitoa albamu ya Testimony, akisimulia jinsi alivyookoka. Mwaka huohuo bendi nayo ikatoa albamu yake, mpiga dramu Nick D'Virgilio akiwa mwimbaji. Hakuna upande uliokufa.

Kisha, mwaka 2016, katika tamasha la Neal jimboni Tennessee, wote walisimama jukwaa moja, waliotoka na waliobaki, wakaipiga Snow tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa imepita miaka 14.

Neal hakuikana imani yake ili arudi kwa ndugu zake, wala wao hawakudaiwa kwanza wakiri kwamba walikosea kubaki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Paulo pia: alipokaribia mwisho wake alimwagiza Timotheo amlete Marko, yuleyule aliyekuwa chanzo cha ugomvi, kwa kuwa alimfaa katika huduma.

Wapendwa, wito unaweza kututenganisha kazi. Usituvunjie undugu. Anayeondoka aage kwa upole, asiwahukumu anaowaacha. Anayebaki asifunge mlango kwa komeo. Huenda wimbo tulioutunga pamoja bado unangoja siku yake ya kuimbwa.