Herufi ĩ na ũ, na safari ndefu ya tovuti ya mtu binafsi Meru na Embu

Mnamo Aprili 30, 1993, kituo cha utafiti cha CERN, kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilitoa tamko fupi: programu za kuendeshea tovuti, alizozibuni Mwingereza Tim Berners-Lee, zimekuwa mali ya umma. Yeyote angeweza kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha bila kulipa hata senti moja. Mwaka huohuo Kenya ilisajiliwa herufi zake za mwisho wa anwani, yaani .ke.

Katika soko la Gakoromone mjini Meru na kwenye maduka ya Embu, mambo hayo yalipita kimya. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, yenye ofisi nyingi za serikali na mashine za taipu zisizonyamaza, lakini laini za simu zilikuwa mikononi mwa shirika moja la Posta na Simu. Kampuni za kwanza za intaneti, kama Africa Online na Form-Net, zilianzia Nairobi katikati ya miaka ya tisini. Palipokosekana kituo cha karibu, simu ya kuunganisha kompyuta ilipigwa hadi Nairobi kwa bei ya masafa marefu. Programu ilikuwa ya bure. Njia ya kuifikia ndiyo iliyokuwa ghali.

Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1999, Telkom Kenya ikazaliwa, na miaka iliyofuata ikaleta saiba, yaani maduka ya intaneti. Hapo mteja alilipia dakika, akafungua barua pepe, akaondoka. Kutengeneza ukurasa wako mwenyewe kulihitaji muda wa kukaa, na muda huo ulikuwa unalipiwa.

Ila upande wa programu, hazina ilikuwa inajaa. Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, akisisitiza kuwa mtumiaji ana haki ya kuisoma programu, kuirekebisha na kumpa jirani. Linus Torvalds akaongeza kiini cha mfumo, Linux, mwaka 1991. Seva ya Apache ilitoka 1995. Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little wakatoa WordPress, na mtu asiyejua lugha ya kompyuta akaweza kuwa na tovuti inayopendeza.

Hata hivyo, kwa mwandishi wa Kimeru au Kiembu palibaki kikwazo ambacho watu wa Nairobi na London hawakukiona. Lugha hizi mbili zina irabu saba, na maandishi yake hutofautisha i na ĩ, u na ũ. Orodha ya herufi iliyotumika sana kwenye tovuti za mwanzo ilitungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Ilikuwa na ñ ya Wahispania, na ã na õ za Wareno. Alama ileile ya kiwimbi ilipokaa juu ya i au u, herufi haikuwemo. Aliyetaka jina Kĩmĩrũ lisomeke sawasawa alilazimika kuandika K&#297;m&#297;r&#361;, neno moja lenye vipande vitatu vya tarakimu. Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi waliacha kiwimbi, wakamwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Dawa ilikuwepo tayari. Kanuni ya Unicode, iliyoanza kuchapishwa 1991, ilizipa ĩ na ũ nafasi zake, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuzihifadhi herufi hizo bila kuvuruga maandishi ya zamani. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya vivinjari, fonti na seva kuizoea. Fonti huria za DejaVu, zilizoanza 2004, zilisaidia sana, kwa sababu kompyuta yenye Linux ilizionyesha herufi hizo bila kununua chochote. Linux pia ina mpangilio wa kibodi wa Kikuyu chini ya Kenya, na kwa kuwa Kikuyu hutumia ĩ na ũ zilezile, Mmeru na Mwembu wanaweza kuutumia.

Kisha kuna suala la utambulisho. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha iliyotolewa 1998 iliwapa nafasi Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo na Wamaasai. Wameru na Waembu waliachwa nje. Orodha pana zaidi ya 2007 ndiyo iliyoleta mer na ebu, herufi tatu zinazoiambia kompyuta ukurasa huu umeandikwa kwa lugha gani. Baadaye mtandao wa ANLoc, uliofadhiliwa na kituo cha IDRC cha Canada, ukaendesha kampeni ya kukusanya taarifa za msingi za lugha 100 za Afrika. Kimeru na Kiembu sasa vimo katika CLDR, hazina huria ya Unicode ya taarifa za lugha. Humo Kimeru kinaanza mwaka kwa Januarĩ, Feburuarĩ, Machi na Ĩpurũ, ilhali Kiembu kinahesabu: Mweri wa mbere, Mweri wa kaĩri, Mweri wa kathatũ. Hakuna kampuni iliyopaswa kuombwa ruhusa.

Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS kisha SEACOM, bei ya intaneti ilianza kushuka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kikapata hati yake 2013, cha Embu 2016. KENIC, inayosimamia anwani za Kenya, ina hata kundi la .me.ke kwa ajili ya watu binafsi. Asiyetaka kulipia jina anaweza kuweka kurasa zake kwenye GitHub Pages, huduma iliyoanza 2008.

WordPress ni nzuri kwa gazeti au shule. Kwa mtu mmoja mwenye simu na bando dogo, ni mzigo: inataka hifadhidata na kusasishwa kila mara. Faili moja liitwalo index.html, lililoandikwa kwa kihariri huria cha maandishi, linatosha. Juu kabisa liwe na <html lang="ebu"> au <html lang="mer">, kisha <meta charset="utf-8">, halafu maneno yenyewe. Ukurasa wa aina hiyo hufunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wameru karibu milioni 2 na Waembu zaidi ya 400,000. Idadi hiyo inastahili kurasa nyingi kuliko zilizopo. Chuo cha Meru kiko Nchiru, palepale penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Cha Embu kiko katika kaunti yenye msitu wa Kirimiri, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Wahadhiri wa kompyuta wa vyuo hivyo viwili na wampe kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi moja: amsikilize mzee wa kwao, aandike aliyoyasikia kwa Kimeru au Kiembu, viwimbi vyote vikiwemo, na auweke ukurasa huo hewani kabla muhula haujafungwa.