Mabaki ya Viwandani na Kemikali katika Zege

Mabaki ya viwandani na kemikali za zege ni nyongeza mbili zinazotiwa katika mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mabaki huja kama unga na kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Kemikali, ambazo nyingi ni za majimaji, hupunguza maji au hubadili muda wa zege kushika. Kwenye zege la leo mara nyingi hutumika pamoja.

Saruji ina gharama kubwa kwa hewa. Klinka yake huokwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 ya kaboni dioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu. Isitoshe, saruji ikikutana na maji huzaa gundi, lakini pia chokaa isiyoongeza nguvu. Majivu yanayonaswa katika moshi wa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe yana silika inayoila chokaa hiyo na kuzaa gundi zaidi. Kazi hiyo huenda polepole: siku ya 7 zege la majivu huwa dhaifu kuliko la kawaida, na baada ya miezi huweza kulipita. Joto lake nalo ni dogo, jambo lenye thamani kwenye kuta nene zinazopasuka kwa joto la saruji inaposhika. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika mwaka 1953, lilijengwa kwa zege la namna hii.

Slagi ya matanuri ya chuma, ikipozwa ghafla kwa maji kisha ikasagwa, huweza kuchukua nafasi ya nusu ya saruji au zaidi, na zege lake huhimili vizuri chumvi ya bahari. Vumbi la silika, linalotoka viwanda vya silikoni, ni laini takriban mara 100 kuliko saruji. Hutiwa asilimia 5 hadi 10 tu, na hata kiasi hicho hufanya zege liwe zito kulifanyia kazi.

Hapo ndipo kemikali zinapohitajika. Chembe za saruji zikiingia majini hushikana mabonge na kufungia maji ndani. Kemikali za kulainisha hujibandika juu ya chembe na kuzifanya zisukumane, na maji yakaachiwa. Zile za mwanzo, lignosalfoneti, zilitokana na masalio ya viwanda vya karatasi. Kumbe hata kemikali ilianza kama taka! Hizo hupunguza maji kwa asilimia 5 hadi 10. Katika miaka ya 1960 Japani na Ujerumani zilileta kali zaidi, zinazofikia asilimia 20 hadi 30. Kwenye jengo la Burj Khalifa, Dubai, zege lenye nyongeza hizi lilisukumwa kwa pampu hadi kimo cha zaidi ya mita 600.

Vipimo, hata hivyo, havibahatishwi. Majivu yenye kaboni nyingi isiyoungua hufyonza kemikali za kutia viputo vya hewa, na kemikali ya kuchelewesha ikizidi, zege hukaa bichi siku nzima.

Afrika Mashariki haina utajiri wa majivu ya makaa wala slagi, ila ina pozolana, majivu ya volkano yafanyayo kazi ileile, na viwanda vya Kenya na Tanzania huyasaga pamoja na klinka. Majivu ya pumba za mpunga nayo yanafaa, mradi yachomwe kwa joto lisilopindukia. Kwa kuwa pozolana huwa tayari ndani ya saruji, mjenzi wa kawaida huweza kuitumia bila kujua. Mfuko wa saruji ulioandikwa CEM IV una pozolana: usiongeze maji ili kurahisisha kazi, usiharakishe kufungua mbao zinazoshikilia zege, na umwagilie zege kwa siku zisizopungua 14.