Dawa ya Kuvuta ya Kunyamazisha Jeni

Kwa takriban nusu karne, minara ya Deutsche Welle ilisimama kwenye kilima cha Kinyinya, wilayani Gasabo, Rwanda, ikipokea matangazo kutoka Ujerumani na kuyarusha upya kwa masafa mafupi. Machi 2015 mitambo ilizimwa. Watangazaji wa Idhaa ya Kiswahili kule Bonn waliendelea kusoma habari kama kawaida. Aliyetegemea mawimbi yale ndiye ambaye hakuwasikia tena. Anayekumbuka hilo ameshaielewa nusu ya istilahi yetu: "kunyamazisha jeni".

Jeni hukaa ndani ya kiini cha seli. Maagizo yake hunakiliwa yakawa RNA mjumbe, na ujumbe huo ndio unaosomwa ili protini itengenezwe. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kuchunguza mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, kwamba RNA ya nyuzi mbili inayolingana na ujumbe fulani husababisha ujumbe huo uharibiwe kabla haujasomwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Dawa zilizotokana na ugunduzi huo hufuata njia hiyohiyo kwa kutumia vipande vifupi vya RNA, na jeni yenyewe haiguswi, kama watangazaji wale wa Bonn.

Kwa hiyo nashikilia "kunyamazisha jeni". "Kuzima" tuiwekee hali ambayo jeni imefungwa palepale ilipo, isinakiliwe kabisa; "kuua jeni" ni kumtisha mgonjwa bure. Aliyenyamazishwa huweza kusema tena, na kweli nguvu ya dawa hizi hupungua, dozi ikarudiwa.

Nusu ya pili, "ya kuvuta", inatuleta kwenye pumu. Salbutamol hulegeza misuli ya njia za hewa, na dawa za steroidi hutuliza uvimbe kwa upana. Kunyamazisha hulenga ujumbe mmoja tu, kwa mfano ule wa GATA3, protini inayoamrisha sehemu kubwa ya uvimbe wa pumu ya mzio. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la dawa ya kuvuta inayoukata ujumbe huo: wagonjwa walipokutanishwa na kile kinachowadhuru, njia zao za hewa zilibana kidogo kuliko za wale waliopewa dawa bandia. Dawa ile ilikuwa kipande cha DNA kisichofungashwa ndani ya chembe yoyote.

Lakini RNA ikiachwa tupu huvunjwavunjwa upesi mwilini, na hupenya utando wa seli kwa shida. Ndiyo sababu huweza kufungashwa ndani ya chembe nano za mafuta, zenye upana wa nanomita 100 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Patisiran, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani, mwaka 2018, hufungashwa hivyo, lakini huingia kwa dripu na kufanya kazi kwenye ini. Vifungashio vya jinsi hiyo vimo pia katika chanjo za RNA, ambazo BioNTech ilizindulia kiwanda Masoro, Gasabo hiyohiyo, Desemba 2023. Katika chanjo ujumbe unapelekwa, katika kunyamazisha unakatwa.

Mapafu yana masharti yake. Tone linalobeba chembe hizo linapaswa kuwa la kati ya mikromita 1 na 5, kwani kubwa zaidi hunasa kooni na dogo mno huenda likatoka na pumzi. Mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu nayo huweza kuzipasua chembe, na makamasi mazito ya mwenye pumu huzinasa.

Maneno nayo yanahitaji uangalifu. "Chembe" peke yake haitoshi, maana zahanati hutuambia "chembe nyeupe za damu" ikikusudia seli. Tuseme "chembe nano za mafuta". "Dawa ya kupuliza" wengi huifikiria ya mbu, basi na iwe "ya kuvuta". Kisha mpangilio: "dawa ya kunyamazisha jeni ya kuvuta" inamwacha msomaji akijiuliza kinachovutwa ni dawa au jeni, kwa kuwa yote mawili huchukua "ya". Kitangulie "kuvuta": dawa ya kuvuta ya kunyamazisha jeni, iliyobebwa na chembe nano za mafuta. Ni ndefu, lakini haina utata. Na kwa kuwa mwenye pumu Kinyinya bado anategemea salbutamol na steroidi, ningeongeza neno moja mwishoni: "ya majaribio".