Mpini Hurithiwa, Wembe Haurithiwi: historia ya kunyoa ndevu hadi hapa Arua Hill

Zamu hii ya historia hatuandiki juu ya vita wala mipaka peke yake. Tunaandika juu ya wembe. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Jambo lilianza hivi. Mwezi uliopita mzee mmoja Mkongomani anayeishi kambi ya Lobule, kule Koboko, alikuja Arua kwa matibabu. Akalala kwa kijana wetu mmoja aliyepanga chumba hapa Arua Hill. Asubuhi sisi tulifika kumsindikiza hospitali, tukamkuta ameketi nje kwenye kigoda, beseni la maji ya moto miguuni, kioo kidogo kimeegemezwa ukutani, uso mzima umejaa povu jeupe. Mkononi alikuwa na kinyoleo cha zamani, kile cha chuma chenye mpini mfupi na kichwa unachofungua kwa kuzungusha, halafu unaweka wembe wa pande mbili ndani. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukiona. Sisi ni watoto wa mashine ya umeme wa sola.

Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, tungekupeleka saluni pale chini, dakika tano tu." Mzee akatabasamu ndani ya povu: "Hapana, batoto bangu. Uso wangu ninajinyoa miye mwenyewe."

Ndipo tukakaa chini kumsikiliza. Baadaye tukaenda kusoma zaidi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Zamani, wembe ulikuwa wa wachache

Waswahili wana methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maana yake tunaijua sote, jiandae, yako yanakuja. Lakini isome tena polepole. Waliotunga methali hiyo walijua kwamba nywele kavu hazinyolewi, lazima zilowe kwanza. Kwa hiyo kunyoa kwa maji si mambo ya kizungu. Ni mambo ya watu wote waliowahi kushika chuma chenye makali.

Ukifuata mto huu wetu wa Nile kushuka mpaka Misri, makaburi ya kale yamekutwa na nyembe za shaba. Herodotus, Mgiriki aliyeandika miaka zaidi ya 2,400 iliyopita, alisema makuhani wa Misri walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja ili wawe safi mbele ya miungu yao.

Baadaye chuma kikawa bora. Ulaya, miji miwili ikapata sifa kwa nyembe za kukunja: Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani. Wembe huo ni kama kisu kirefu kinachoingia ndani ya mpini wake. Ni mkali sana, lakini unataka kazi: kuunoa kwa jiwe, kisha kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kunyoa. Mkono ukitetemeka, shingo inalipa. Kwa hiyo wanaume wengi walikwenda kwa kinyozi, na kinyozi alikuwa na nyembe chache kwa watu wengi. Wembe mmoja, mashavu mengi. Shikeni hapo, tutarudi.

Mtu mmoja na kipande chembamba cha chuma

Mwaka 1895 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiuza vifuniko vya chupa, jina lake King Camp Gillette, alipata wazo. Vifuniko vilitumika mara moja vikatupwa, na mteja akarudi kununua vingine. Je, wembe hauwezi kuwa hivyo? Mpini ubaki, makali yabadilishwe. Mafundi walimwambia haiwezekani kutengeneza chuma chembamba namna ile kikawa kigumu na kikali. Injinia William Nickerson ndiye aliyetafuta njia mpaka akaipata. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, viliuzwa vinyoleo 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata vinyoleo vikapita 90,000.

Sasa angalia kilichobadilika. Kabla ya hapo mtu alihitaji mkono wa fundi. Sasa mtu wa kawaida aliweza kujinyoa bila kujikata sana, kwa makali yake mwenyewe ambayo hakuna mwingine aliyeyatumia. Gillette alikuwa anatafuta faida, hilo liko wazi. Lakini faida yake ilizaa jambo zuri.

Vita vikaingia ndevuni

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, ndivyo vilivyosambaza kinyoleo hiki duniani. Kwenye mahandaki kulikuwa na gesi ya sumu, na kofia ya kuzuia gesi haibani vizuri juu ya ndevu. Jeshi la Uingereza lilikuwa na sheria kwamba askari asinyoe sharubu. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 1916. Marekani nayo iliwanunulia askari wake vinyoleo milioni 3.5 na nyembe milioni 32 hivi. Vijana walirudi makwao na tabia ya kujinyoa kila asubuhi.

Ila kuna kisa cha brashi ambacho wengi hawakijui. Brashi nzuri za kupakia povu zilitengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa ukoo mmoja na nyegere. Vita vilipokata biashara hiyo, viwanda vikatumia nywele za farasi zilizotoka mashariki ya mbali, na nyingine hazikusafishwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na vijidudu vya kimeta, ule ugonjwa wa ng'ombe tunaoujua hata huku kwetu. Mtu anapaka povu, anajikwaruza kidogo kwa wembe, vijidudu vinaingia. Watu zaidi ya 200, askari na raia wa Uingereza na Marekani, waliugua, na baadhi walikufa. Brashi mpya, nzuri, ya kupendeza. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi zilizotoka Japani.

Somo: kifaa kinachogusa ngozi kinaweza kuonekana safi na kisiwe safi.

Jinsi ulivyofika huku

West Nile haikuwa Uganda tangu mwanzo. Ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo. Alipokufa mwaka 1909, eneo likapita kwa Sudani, na mwaka 1914 upande wa kusini ukaingizwa Uganda. Mwaka huo huo Mwingereza A. E. Weatherhead akaanzisha kituo cha serikali hapa Arua. Mipaka ilichorwa, na Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudani, ambako leo ni Sudani Kusini.

Wakoloni waliona West Nile kama shamba la askari. Vijana wengi wa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi waliingia King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wanaliita KAR. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliingia mwaka 1946. Lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo Waganda wengine wanakiogopa, wanakiita lugha ya askari. Na jeshini paredi ya asubuhi ilitaka viatu ving'ae na kidevu kiwe safi. Kwa hiyo kwa familia nyingi za huku Kiswahili na kinyoleo viliingia nyumbani kwa mlango mmoja, ndani ya begi la askari anayerudi likizo.

Kinyoleo cha mgeni

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kile kinyoleo chake kimefutika maandishi yote, rangi imebaki kwenye mikunjo tu. Tulimuuliza alikinunua wapi. Akasema, "Hii kintu haiko yangu. Iko ya mutu."

Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipishwa makosa yake. Oktoba 1980 mapigano yalipopamba moto Koboko na Arua, watu wengi mno walikimbilia Zaire na Sudani. Juni 1981 raia waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu kabisa na hapa Arua, waliuawa na askari. Waganda hawa wanaotupokea leo walikuwa wakimbizi kwetu. Vijana wengi wa kambini hawalijui hili, na ni vizuri walijue.

Mzee wetu alikuwa mtoto wa miaka kama 14 hivi, kijiji karibu na Aba, upande wa Kongo. Baba yake alimpokea Mkakwa mmoja wa Koboko, mtu mzima aliyewahi kuwa KAR na kupigana Burma. Alikuja na familia, godoro moja, na mfuko mdogo wa ngozi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kinyoleo, brashi na kipande cha sabuni. Hakuwa na shati la pili, lakini kila asubuhi alijinyoa. Watoto walikusanyika kumtazama. Siku moja mtoto akamuuliza: babu, unajinyolea nani, hapa hakuna paredi. Akajibu: nikiacha, nitasahau sura yangu.

Mgeni huyo alifia huko huko kabla ya amani kurudi. Familia iliporudi Uganda ilimwachia mwenyeji kinyoleo kama shukrani, maana haikuwa na kitu kingine. Baba naye akamwachia mwanawe. Na mwanawe, vita vilipomkuta yeye, akavuka mpaka akaingia Koboko, akapokelewa Lobule, kambi iliyofunguliwa mwaka 2013. Kinyoleo kimerudi kilikotoka, mfukoni mwa mkimbizi mwingine. Mzee anasema amekuwa akiuliza sokoni Koboko kama wapo watoto wa yule mgeni. Mpaka sasa hajawapata.

Anavyonyoa

Tuliandika hatua zake, kwa sababu zina akili ndani yake.

Kwanza anakaa na kitambaa cha maji ya moto usoni dakika mbili tatu. Unywele ukinywa maji unalainika, wembe hauburuti. Halafu anazungusha brashi kwenye sabuni mpaka povu liwe zito, anapaka kwa kuzunguka ili ndevu zisimame. Brashi yake ya sasa ni brashi ndogo ya rangi aliyoipunguza manyoya kwa makasi, ile ya mgeni ilikwisha zamani. Kisha ananyoa kufuata ndevu zinakoelekea, bila kukandamiza, mpigo mfupi, anasuuza, mpigo tena. Sisi wenye nywele za kujikunja tukinyoa kinyume na kwa kina sana, unywele unakatika chini ya ngozi, unajikunja, unarudi kuchoma ndani. Ndivyo vile vipele vya shingoni vinavyotusumbua. Mwisho anaosha kwa maji baridi.

Wembe alioutumia hakumpa mtu. Aliuingiza kwenye kopo la maziwa lililotobolewa juu. Tukamuuliza mbona anatunza mpini miaka yote hiyo na wembe anautupa. Akasema: "Mupini unaweza baki kwa mutoto. Wembe hapana."

Kwa nini tunawaandikia

Kumbukeni ile wembe mmoja, mashavu mengi. Mwaka 1982 ugonjwa mpya ulionekana Rakai, kusini mwa Uganda. Watu wakauita Slim kwa sababu ulikondesha. Tangu miaka hiyo ya ukimwi, wazazi wa Uganda wanafundisha watoto: usishiriki wembe. Kirusi cha ukimwi hakina nguvu nyingi nje ya mwili. Lakini homa ya ini aina ya B ni nyingine kabisa. Kirusi chake kinaweza kuishi kwenye kifaa siku saba au zaidi, hata kama damu huioni. Na kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwemo, ugonjwa huu umekuwa mwingi kuliko kusini. Chanjo ipo, na inafanya kazi.

Sasa tuambiane ukweli. Mwaka jana sisi vijana sita tulinyolewa siku moja na kinyozi mmoja, tukijiandaa kwa sherehe. Mashine ilimaliza kichwa, halafu akatengeneza mstari wa mbele kwa nusu ya wembe aliyoishika kwa vidole. Nusu ile ile, watu sita. Mmoja alitokwa damu, akapanguswa na kitambaa, tukaendelea kucheka. Hakuna aliyesema neno, sisi ambao tunagawa vipeperushi vya afya! Wembe mzima pale ulikuwa rahisi kuliko soda.

Hatumlaumu kinyozi peke yake. Naye anatafuta kula. Lakini tangu asubuhi ile ya mzee tumekubaliana mambo matatu. Kila mmoja aende saluni na wembe wake mfukoni, na aufungue mbele ya kinyozi. Wembe uliotumika uingie kwenye kopo, usitupwe njiani ambako watoto wanatembea peku. Na ambaye hajapima homa ya ini aende kupima, achanjwe. Ninyi wa mashirika, mkigawa sabuni, ongezeni nyembe na kopo la kuzitupia. Si gharama kubwa. Na msidhani ni urembo: mtu aliyepoteza nyumba anataka asubuhi aone uso wake.

Mzee alirudi Lobule siku ya tatu, amepata dawa. Kama wewe ni wa Koboko, na babu yako alikuwa KAR, akaenda Burma, akafia ukimbizini upande wa Aba, uliza wazee wa nyumbani kama alikuwa na mfuko mdogo wa ngozi. Kisha utuandikie. Kuna mtu ametunza mpini wenu zaidi ya miaka 40, na anataka kuurudisha.