Theluji na Kura za Chicago

Mwaka 1979 ulipoanza, Meya wa Chicago, Michael Bilandic, hakuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mchujo wa chama cha Democratic ulikuwa Februari, na katika jiji lile aliyeshinda mchujo alikwisha kuwa meya. Uchaguzi wenyewe wa Aprili ulikuwa wa kukamilisha ratiba tu.

Kiti alikirithi kwa Richard J. Daley, aliyekikalia miaka 21 hadi alipofariki Desemba 1976. Daley aliacha mtandao wa kutisha. Kila kata ilikuwa na mkubwa wake na kila mtaa kada wake, mithili ya balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani anauguza, kijana wa nani anatafuta kibarua manispaa, na nani bado hajakwenda kupiga kura. Ajira zilitoka kwa mtandao, kura zikarudi kwa mtandao.

Aliyejitokeza kumpinga Bilandic ni Jane Byrne. Daley ndiye aliyempa uongozi wa idara ya kulinda walaji mwaka 1968. Bilandic akamtimua 1977, baada ya mama huyo kudai hadharani kwamba nauli za teksi zimepandishwa kwa njama. Vigogo wa chama hawakumhesabu.

Katikati ya Januari theluji ikamwagika, karibu nusu mita, juu ya ile ya mkesha wa mwaka mpya ambayo ilikuwa haijayeyuka. Magari yalifukiwa barabarani, taka zikarundikana. Meya akatangaza kwamba viwanja vya shule vimesafishwa, watu wakaegeshe huko. Waliokwenda walikuta theluji haijaguswa.

Kibaya zaidi kilikuwa kwenye treni. Ili ziwahi, baadhi zilianza kupita vituo vya mitaa ya Weusi bila kusimama. Watu walisimama jukwaani kwenye baridi ya kukata masikio, wakiwatazama abiria wa vitongoji vya mbali wakipitishwa mbele yao.

Husemwa mpaka leo kwamba theluji ndiyo iliyomng'oa Bilandic. Ni kweli, lakini nusu. Theluji iliwaangukia wote. Treni ziliruka vituo vya baadhi. Na hao walioachwa jukwaani ndio waliokuwa mtaji wa mtandao: mwaka 1963, wapiga kura Weupe walipompa Daley kisogo, kura za Weusi ndizo zilizomvusha. Safari hii kata zao nyingi zilikwenda kwa Byrne. Tarehe 27 Februari alishinda mchujo kwa takribani asilimia 51, na Aprili akapata 82, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago.

Deni la kura hizo za Weusi hakulilipa vizuri. Mwaka 1981 alihamia kwa wiki chache Cabrini-Green, majengo ya umma yaliyosifika kwa risasi, na kamera zikamfuata. Mwaka uliofuata akawaweka Weupe badala ya Weusi kwenye bodi ya nyumba hizo hizo za umma. Februari 1983 alipoomba muhula wa pili, Harold Washington alimshinda kwenye mchujo, na mtoto wa Daley akawa wa tatu. Washington akawa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo.

Ilipita miaka 40 kabla meya mwingine aliyechaguliwa na wananchi kukataliwa kwenye sanduku. Februari 2023, Lori Lightfoot aliambulia asilimia 17 hivi, akashika nafasi ya tatu na kukosa hata duru ya pili.